Fedha za Kaboni Zianze kwa Mchoma Mkaa: Mwongozo kwa Vijiji vya Kando ya Ziwa Victoria

Wageni wa kaboni, yaani watu wa kampuni zinazotaka kukilipa kijiji kwa kutunza msitu, wameanza kupita vijijini. Wanafika na ramani iliyokwisha kuchorwa, wanaomba kuonana na mwenyekiti na mtendaji, wanataja dola, kisha wanaahidi kurudi na mkataba. Kijijini kwetu, upande wa Sengerema, tuliwapokea hivyo hivyo. Wakati huo nilikuwa katibu wa kamati ya maliasili. Mkataba uliletwa, kurasa nyingi, wote kwa Kiingereza, na tulibakiza wino tu.

Aliyetuzuia ni mama mmoja anayebanika sangara mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Alisimama nyuma ya watu akasema, "Baba mwenyekiti, mkishaufunga msitu, kuni za keshokutwa nazitoa wapi?" Mwenyekiti alimtazama mgeni, na mgeni akaitazama ramani yake. Hakuna aliyekuwa na jibu. Mkutano ukaahirishwa na kampuni haikurudi tena.

Swali lile halijanitoka. Nimelibeba kwa maofisa misitu, kwa mwanasheria wa halmashauri, kwa wenzetu wa vijiji vya mbali waliokwisha kulipwa, na haya ninayoandika ndiyo niliyorudi nayo. Nawaandikia wenyeviti, watendaji, wajumbe wa kamati za maliasili na kila mwanakijiji anayetaka kujua afanye nini kabla gari la wageni halijafika. Naamini kabisa kwamba fedha za misitu zinaweza kumfikia maskini. Lakini hazimfikii zenyewe. Kijiji lazima kiwe kimeandika nani anapoteza nini kabla mnunuzi hajatoa kalamu mfukoni.

Hatua ya 1: Jueni kinachouzwa

Hauuzwi mti wala haiuzwi ardhi. Kinachouzwa ni ushahidi kwamba tani fulani ya hewa ukaa (kaboni dayoksaidi) iliyokuwa ipae angani haikupaa, au kwamba miti imeifyonza kutoka angani. Krediti moja ni tani moja. Mti ukikauka, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, na kila kilo ya kaboni ikiungua hutoa kilo 3.67 za hewa ukaa, kwa sababu kaboni hujishikiza na oksijeni ya hewani. Kwa hiyo hata tanuri moja la mkaa lina uzito kwenye hesabu hii.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuzuia msitu uliopo usikatwe. Mpango wake unaitwa REDD+, ulipata nafasi kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa huko Bali mwaka 2007, na mwaka 2010 huko Cancun ukawekewa masharti ya kulinda haki za wenyeji, pamoja na haki yao ya kushirikishwa kikamilifu. Yashikeni masharti hayo. Mgeni akisema ushirikishwaji ni hisani yake, mwambieni ulishakubaliwa na mataifa kabla yeye hajakifahamu kijiji chenu.

Njia ya pili ni kupanda miti au kuacha ardhi iliyochoka ijirudishie miti yake. Hii kwetu Usukumani ina jina la tangu mababu: ngitili. Ng'ombe wanazuiwa kuingia eneo fulani masika, majani yanatunzwa hadi kiangazi, na miti inapata nafasi ya kuchipua. Jirani zetu wa Shinyanga walikuwa wamebaki na nchi tupu. Mapori yalifyekwa kuua mbung'o, kisha pamba ikayamaliza yaliyosalia. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, wengi wanaufahamu kwa jina la HASHI, na ngitili zikafufuliwa kwa mamia ya maelfu ya hekta. Mwaka 2002 mpango huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Nawasihi msome habari zake kuliko vipeperushi vya kampuni, maana kilichofanya kazi pale hakikuwa hasa miche. Visiki vilivyokuwa hai ardhini viliachwa vichipue, na sheria za kuvilinda zilitungwa kwenye dagashida, yaani mkutano wa jadi wa wanakijiji, na kusimamiwa na sungusungu. Watu walilinda walichokiamua wenyewe.

Kuna jambo linalouma kidogo hapa. Msitu ambao hakuna anayeutishia haulipwi. Mnunuzi anataka kuona kwamba bila mradi miti ingekwisha. Na msitu ambao tayari ni wa Serikali, kama shamba la miti la Buhindi, la Rubya kule Ukerewe, au hifadhi ya kisiwa cha Maisome, si wenu kuuza. Mnaweza kuomba usimamizi wa pamoja na Wakala wa Huduma za Misitu, lakini msikubali mtu awaahidi fedha za msitu msioumiliki. Vivyo hivyo ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu pale, kwa hiyo upandeni miti kwa ajili ya ziwa, msiuingize kwenye hesabu za mauzo bila kuuliza.

Hatua ya 2: Pigeni hesabu wenyewe, ubaoni, watu wakiona

Hesabu hii ndiyo ingetuokoa mapema sana. Chukueni mfano. Tuseme kijiji kina ngitili ya hekta 200 inayoanza kujirudi, na kila hekta inafyonza tani 3 za hewa ukaa kwa mwaka. Hizo ni tani 600. Viwango vya kimataifa hutenga sehemu ya krediti kama akiba, ili msitu ukiungua hasara ifidiwe. Tuseme asilimia 15, yaani 90. Zinabaki 510. Zikiuzwa dola 8 kila moja, mnapata dola 4,080. Kiwango kiitwacho Plan Vivo, chenye makao Edinburgh, kinataka angalau asilimia 60 ya mapato ya mauzo iende kwa wenyeji. Hapo ni dola 2,448. Gawanyeni kwa kaya 400: dola 6 na senti kidogo kwa kaya kwa mwaka mzima. Kwa dola moja kuwa shilingi 2,500, ni kama shilingi 15,300.

Hazifiki bei ya gunia moja la mkaa mjini Mwanza. Sasa mwambie mchoma mkaa aache tanuri kwa ajili ya fedha hizo, halafu muone kama msitu utasimama.

Siwaambii mkate tamaa. Nawaambia msipange kugawana noti mkononi kama eneo ni dogo, na msisaini kitu mkiwa wadogo peke yenu. Katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vilijiunga kwenye mradi mmoja wa milima ya Ntakata, wenye msitu mkubwa, na fedha zilizoingia zilihesabika kwa mabilioni ya shilingi. Zikajenga zahanati na madarasa. Kwa upande mwingine, kule Gazi pwani ya Kenya, wanakijiji wana mikoko ya hekta 117 tu chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, ulioidhinishwa kuuza krediti mwaka 2013. Hawakujaribu kumpa kila mtu mgao. Fedha zilikwenda kwenye maji na shule, vitu ambavyo hata asiye na shamba anavitumia. Na ng'ambo ya ziwa letu hili hili, Nyanza na magharibi mwa Kenya, wakulima wadogo walioshirikiana na shirika la Vi Agroforestry walipata mwaka 2014 krediti za kaboni ya udongo, za kwanza barani Afrika. Malipo ya kila mkulima yalikuwa madogo. Faida waliyoiona ni mahindi kuongezeka kwenye udongo uliotunzwa.

Kwa hiyo kabla ya kuendelea, ongeeni na vijiji jirani. Ngitili tano za Misungwi na Kwimba zikisimama pamoja zinapata mkaguzi mmoja, gharama moja, na sauti moja mbele ya mnunuzi.

Hatua ya 3: Fungueni daftari la wanaopoteza

Hapa ndipo nawaomba mtulie, hata kama hatua nyingine mtazipita haraka.

Nunueni daftari la kawaida la kaunta. Watu wawili, mmoja mwanamke, wapite kitongoji kwa kitongoji wakiuliza: nani anaingia msituni, anachukua nini, mara ngapi, na akizuiwa atakula nini. Andikeni jina na jibu lake. Mtapata majina ambayo hayamo kwenye kamati yoyote. Yumo mchoma mkaa, mara nyingi kijana asiye na shamba, anayepakia magunia usiku kwenda Mwanza. Zamani aliyasubirisha kwenye kivuko cha Kigongo–Busisi, sasa yanapita juu ya daraja. Yumo mama wa mwaloni na kuni zake. Wamo wafugaji wanaopitisha ng'ombe kiangazi, bibi anayechimba mizizi ya dawa, fundi mitumbwi anayetafuta mbao, na mjane anayelima kipande pembeni mwa msitu ambacho shemeji zake wanasema si chake. Wamo pia wahamiaji walioishi kwenu miaka kumi na bado wanaitwa wageni. Hao wakisahauliwa ndio watakaorudi na panga usiku, na siwezi kuwalaumu sana.

Mkutano wa kuwasikiliza upangeni kwa kalenda yao. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Siku za mbalamwezi wanapumzika. Itisheni mkutano wakati wa mbalamwezi, na msiuitishe siku ya mnada. Wanawake wakae kwanza peke yao na mwanamke mwenzao akiandika, maana kuna maneno hayasemwi mbele ya baba mkwe. Mahali ambapo wazee wanazungumza Kisukuma, Kizinza, Kikerewe au Kijita, zungumzeni hivyo hivyo. Mtu hawezi kutoa ridhaa kwa lugha anayoisikia nusu.

Kisha mbele ya kila jina jazeni safu ya pili: atapewa nini badala yake, na lini. Na "lini" lazima iwe kabla ya msitu kufungwa. Miti ya kuni inachukua miaka mitatu au minne kufaa. Mkifunga msitu leo na kupanda mijohoro leo, kuna miaka mitatu ya njaa katikati, na njaa hiyo haimpati mwenyekiti. Njia tuliyoona inafaa ni kufunga kwa vipande: sehemu moja inafungwa, nyingine inabaki wazi kwa kuni kavu tu, hadi mashamba ya kuni yakomae. Majiko banifu yanasaidia, ila msiyategemee peke yake. Mchoma mkaa mpeni kazi ya doria yenye malipo, kwa sababu anazijua njia zote za wizi wa miti kuliko askari yeyote, na malipo yaandikwe kwenye bajeti ya mradi tangu mwaka wa kwanza.

Hatua ya 4: Nyoosheni umiliki

Mnunuzi makini atauliza hati kabla ya miti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Kagueni kama mna cheti cha ardhi ya kijiji, kama mipaka na majirani imekubaliwa kwa maandishi, na kama mna mpango wa matumizi ya ardhi. Kama mpango haupo, andikeni barua halmashauri ya wilaya sasa. Upimaji unachukua muda na fedha, na mgogoro wa mpaka wa hatua ishirini unaweza kuukwamisha mradi wote.

Kwa msitu wa kijiji, Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inawaruhusu kuutangaza kuwa hifadhi ya kijiji, mkatunga mpango wa usimamizi na sheria ndogo zinazothibitishwa na halmashauri ya wilaya. Fanyeni hivyo hata kama hakuna kampuni inayokuja. Mapato ya uvunaji halali na faini yatabaki kijijini.

Ngitili za familia zina shida yake. Nyingi zimeandikwa kichwani mwa mzee. Mzee akifa, watoto wa kiume wanagawana na binti na mjane wanaangaliana. Tafuteni hati za hakimiliki ya kimila, na sisitizeni majina ya mume na mke yote mawili yaingie. Jina lisilo kwenye hati halitakuwa kwenye orodha ya malipo. Ugomvi ukitokea, uende kwanza kwenye baraza la ardhi la kijiji, ambalo kisheria lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Kama kwenu viti hivyo vitatu ni vya jina tu, jazeni kabla ya jambo hili kuanza.

Hatua ya 5: Mkutano mkuu, mara mbili

Ridhaa ya kijiji haitolewi na mwenyekiti ofisini. Inatolewa na mkutano mkuu, ambao ni watu wazima wote wakazi. Itisheni wa kwanza kwa ajili ya kusikia tu. Rasimu ya mkataba, kwa Kiswahili, ibaki kijijini angalau mwezi mzima, nakala moja kila kitongoji, watu waisome na waibishie. Ndipo uitwe wa pili kuamua. Mgeni akisema hana mwezi wa kusubiri, mkumbuke anataka kukaa nanyi miaka thelathini.

Posho za kikao zisitoke kwa kampuni. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu kwetu zilitoka, na nilipokea. Ukishakula fedha ya mtu mchana, jioni unaona haya kumuuliza swali gumu. Kama ni lazima watu wapate chai, kijiji kipike uji.

Muhtasari uandikwe na majina ya waliopinga yawemo pamoja na sababu zao. Sababu za wapinzani ndizo masharti bora ya mkataba.

Hatua ya 6: Soma mkataba kwa kutafuta maneno haya

Tafuteni kwanza neno "mapato", kisha mtazame limefuatwa na nini. Asilimia 60 ya mapato ghafi na asilimia 60 ya mapato baada ya gharama ni vitu viwili vilivyo mbali kama Mwanza na Bukoba. Mauzo yakiwa dola 100,000, asilimia 60 ya ghafi ni dola 60,000. Lakini kampuni ikitoa kwanza "gharama" za dola 70,000, asilimia 60 yenu inakatwa kwenye dola 30,000, nanyi mnabaki na 18,000. Asilimia ni ile ile. Takeni mgao wa ghafi, au basi orodha ya gharama iandikwe na iwekewe kikomo.

Tafuteni miaka. Mikataba hii inakwenda miaka 20, 30, hata 40 na zaidi; mtoto aliyezaliwa leo atakuwa mzazi kabla haujaisha. Linganisheni miaka ya malipo na miaka ya wajibu. Katika miradi ya kupanda miti, malipo yanaweza kuisha mwaka wa 10 huku ninyi mkiendelea kuzuiwa kuvuna. Takeni mkataba upitiwe upya kila baada ya miaka mitano, na bei iwe na sakafu, yaani isishuke chini ya kiasi fulani, na ikipanda sokoni nanyi mpande nayo.

Tafuteni moto, ukame na wavamizi: nani anabeba hasara? Tafuteni mahali kesi itakaposikilizwa. Ikiandikwa London au Dubai, kijiji hakina nauli. Tafuteni kama kampuni inaweza kumuuzia mtu mwingine mkataba wenu bila kuwauliza. Na hakikisheni hakuna mstari unaohamisha ardhi. Kuuza krediti hakuhitaji kumpa mtu ardhi hata hatua moja.

Serikali imeweka Kanuni za Usimamizi na Udhibiti wa Biashara ya Kaboni za mwaka 2022, zilizorekebishwa mwaka 2023. Zinaeleza mradi usajiliwe vipi na mapato yagawanywe vipi kati ya mwekezaji, wanaosimamia eneo na Serikali. Chukueni nakala kwa mwanasheria wa halmashauri, msisomewe na mwekezaji. Kisha muulizeni mwekezaji jambo moja: mradi wako umeandikishwa? Usajili unaratibiwa na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kilichoko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mwenye jibu halali ataonyesha karatasi. Anayekasirika kwa kuulizwa, mwacheni aende.

Hatua ya 7: Gawanyeni kabla fedha hazijaingia

Fedha ikishafika, kila mtu ana hoja. Kabla haijafika, watu bado ni waungwana. Andikeni mgao kwenye sheria ndogo mapema: kiasi gani doria, kiasi gani huduma za wote, kiasi gani kwa waliomo kwenye daftari la hatua ya tatu. Fungu la daftari litoke kwanza kabla ya mengine yote. Mkianza na jengo la ofisi ya kijiji, fungu la mama wa mwaloni litasubiri mwaka ujao, na mwaka ujao kutakuwa na jengo jingine.

Kama mtaamua kugawa mkononi, gaweni kwa kila mtu, si kwa kila "mkuu wa kaya". Katika majaribio ya REDD+ yaliyofadhiliwa na Norway hapa nchini, mashirika yaliyofanya kazi Kilosa na Lindi yalijaribu kumlipa mwanakijiji mmoja mmoja badala ya kuingiza zote kwenye mfuko wa kijiji, na kila mtu akawa na sababu ya kuuliza msitu unaendeleaje. Mume akipokea kwa niaba ya nyumba, mara nyingi nyumba haioni. Malipo kwa simu yanasaidia, lakini laini iwe kwa jina la mpokeaji mwenyewe.

Akaunti ya mradi iwe ya peke yake, watia saini wasiopungua watatu, mmoja mwanamke asiye ndugu wa mwenyekiti. Kila baada ya miezi mitatu, kwenye mkutano mkuu, mapato na matumizi yasomwe kwa shilingi na yabandikwe mbao za matangazo: ofisini, mwaloni na kwenye mashine ya kusaga, maana ofisini haendi mtu. Na vijana wenye simu wafundishwe kuangalia sajili za krediti. Sajili ya Verra, shirika linaloidhinisha krediti, kwa mfano, iko wazi mtandaoni. Kila krediti ina namba, na ikishatumiwa na mnunuzi inaandikwa. Kampuni ikisema haijauza kitu, kijana wenu anaweza kuhakiki akiwa amekaa chini ya mwembe.

Hatua ya 8: Pimeni wenyewe, na pimeni kweli

Kipimo cha msingi si kigumu. Vijana waliomaliza darasa la saba wanaweza kuzungushia mti utepe kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, wakaandika mzingo na aina ya mti, kwenye viwanja vile vile kila mara. Wataalamu watageuza namba hizo kuwa tani. Takeni kazi hiyo ifanywe na watoto wenu kwa malipo, na nakala ya takwimu ibaki kijijini.

Msiongeze namba. Januari 2023 gazeti la Guardian la Uingereza na wenzake wa Ujerumani walichapisha uchunguzi uliodai kwamba krediti nyingi za kuzuia ukataji misitu zilizopitishwa na Verra hazikuwakilisha hewa ukaa iliyozuiwa kweli. Verra ilikanusha, lakini wanunuzi waliingiwa na hofu. Mwenye msitu mdogo na vipimo vya kweli anaumizwa na uongo wa mwingine. Asiongeze wa kwake.

Hatua ya 9: Ombeni na fedha nyingine

Kaboni si mlango pekee. Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia, inayosimamiwa na UNDP, huvipa vikundi vya kijamii ruzuku. Upo Mfuko wa Misitu Tanzania, uliotokana na Sheria ya Misitu. Benki ya CRDB iliidhinishwa mwaka 2019 kupitisha fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi. Ruzuku inafaa hasa kwa yale ambayo kaboni hailipi mapema: upimaji wa mipaka, miche, majiko, na ile miaka mitatu ya njaa niliyoitaja.

Kikundi kinachoomba kiwe na usajili, akaunti na mihtasari. VICOBA ya akina mama inayokutana kila wiki bila kukosa ina rekodi nzuri kuliko kamati nyingi, kwa hiyo waulizeni wao kwanza kama wangependa kuwa waombaji.

Hatua ya 10: Fungueni daftari upya kila mwaka

Waliopoteza mwaka huu si wale wa mwaka kesho. Kijana ameacha mkaa amekwenda ziwani. Mwingine amerudi kutoka machimbo ya Geita na ameanza tanuri. Sisi tunalifungua kila Novemba, mvua za kupandia zikiwa zimeshika, ili kila jina jipya lipate miche msimu huo huo.

Kijiji chetu hakijauza hata krediti moja hadi leo. Tumeshafunga robo ya msitu, mipaka imekubaliwa na vijiji viwili kati ya vitatu tunavyopakana navyo, na mazungumzo na hicho cha tatu yanaendelea. Mama wa mwaloni ni jina la nne kwenye ukurasa wa kwanza. Mijohoro yake ilitimiza miaka minne mwaka huu. Mwezi uliopita alikata matawi ya kwanza, akabanikia sangara wake, na mbele ya jina lake, kwenye safu ya "lini", tumeandika tarehe.